Ziwa Lililo Juu ya Mlima

Mkulima, je, umepata kuona ziwa ambalo hakuna mto uingiao wala mto utokao? Ziwa la namna hiyo liko kwa jirani zetu Tanzania, katika milima ya Uporoto karibu na Mbeya. Jina lake ni Ngozi.

Zamani hapo palikuwa na mlima wa moto. Mlima huo ulilipuka, kisha kilele chake kikabomoka na kudidimia ndani. Likabaki shimo kama chungu kikubwa, na mvua ikalitia maji. Uso wa maji hayo uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na kina chake hupita mita 70. Moto wa chini haujazimika kabisa, kwani maji ya moto yenye chumvi hupenya ziwani kutoka katika miamba.

Ukitaka kwenda, fika kwanza Mbeya, kisha ushike barabara ya Tukuyu. Utapita mashamba ya viazi na pareto, kama ya kwetu nchi za baridi. Mwisho utaacha gari na kupanda kwa miguu ndani ya msitu, pamoja na kiongozi mwenyeji. Chukua koti la mvua na viatu visivyoteleza. Ukifika ukingoni utaliona ziwa mbali chini yako. Ukuta wa shimo umesimama sana. Ikiwa ardhi imelowa usiteremke. Tazama kutoka juu, urudi salama.

Lakini usirudi kabla ya kuangalia jambo moja. Ukuta ule ni mkali kuliko shamba lako, na mvua ya huko ni nyingi mno, walakini udongo wake umeshikwa. Nani ameushika? Ni mizizi ya miti, na majani yanayoanguka chini yakapunguza nguvu ya mvua.

Sasa litazame shamba lako. Ikiwa limeinama, nawe umelifyeka mpaka kando ya mto, mvua ya masika itachukua ule udongo mweusi uliotegemea kulisha watoto. Ukishakwenda haurudi. Basi lima kwa kukingama mteremko, chimba matuta, panda majani ya ng'ombe juu ya kingo zake, na uache miti kando ya mto.

Tembea uone, walisema wazee. Ukisha kuona, shika jembe.