Kiazi cha Ua la Moto

Anayetoka Majengo, Songea, kuelekea vilima vya Matogoro, unakoanzia Mto Ruvuma, mvua zikishakolea huenda akakuta kichakani ua lisilojificha. Petali zake sita zimejikunja nyuma kana kwamba zinapulizwa na upepo, manjano chini, nyekundu juu, kingo zimejaa mawimbi. Shina ni jembamba, haliwezi kusimama lenyewe. Ncha za majani yake mengi zimegeuka vikono vinavyojisokota kwenye mti wa jirani.

Wanabotania huuita mmea huu Gloriosa superba, jina alilolitoa Linnaeus mwaka 1753. Zimbabwe wamelifanya ua la taifa. Songea nayo wanabotania wanaijua vizuri: mwaka 1955 na 1956 Edgar Milne-Redhead na Peter Taylor, kutoka bustani ya Kew, London, walizunguka wilaya hii wakikusanya na kukausha mimea yake. Watu hulihesabu ua hili kuwa yungiyungi, lakini ni la ukoo mmoja na Colchicum, ua dogo la zambarau la Ulaya. Undugu huo ndio chanzo cha dawa, na cha sumu pia.

Mwaka 1966 jarida la British Medical Journal lilieleza habari za mwanamke wa Sri Lanka aliyekula viazi vya mmea huu, kiasi cha gramu 125. Alinusurika, lakini baadaye nywele zake zikapukutika. Kwa nini kiazi kilicholiwa kikaishia kung'oa nywele?

Jibu ni kolkisini, kemikali ambayo Pelletier na Caventou wa Ufaransa waliitenga mwaka 1820 kutoka kwa yule ndugu wa Ulaya. Seli inapotaka kugawanyika, hujenga nyuzi nyembamba za kuvuta kromosomu kila upande. Nyuzi hizo huundwa kwa vipande vya protini iitwayo tubulini. Kolkisini huvinata vipande hivyo, nyuzi zisijengeke, na seli ikakwama katikati ya safari. Zinazoumia kwanza ni seli zisizopumzika: za utumbo, ndiyo maana mgonjwa huanza kwa kutapika na kuharisha, za uboho, damu ikadhoofika, na za mizizi ya nywele.

Sasa geuza upande wa pili. Jongo, ambalo wengi tunaliita gauti, huanza pale fuwele za asidi ya yuriki zinapotuama kwenye kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu, na chembe nyeupe za damu zikakimbilia huko kwa hasira. Chembe hizo nazo huhitaji nyuzi zilezile ili zitembee na kufanya kazi yake. Kolkisini kidogo tu huzipunguza kasi, uvimbe ukashuka. Na kidogo hapa ni kidogo kweli: utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa miligramu 1.8 ndani ya saa moja zilituliza shambulio sawa na miligramu 4.8, tena bila kumwendesha mgonjwa chooni kama kile kipimo kikubwa. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha nusu miligramu kwa siku kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo.

Yule mwanamke wa Sri Lanka alikadiriwa kumeza miligramu 350. Hesabu vidonge vya nusu miligramu: 700.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema cha asili hakidhuru. Sehemu nyingi za Afrika maji ya kiazi hiki yametumika kuulia chawa, na waliobuni matumizi hayo walijua wanashika nini. Kuyanywa ni jambo jingine. Kiwango cha kolkisini hubadilika kwa umri wa mmea, udongo na msimu, na jicho haliwezi kuona tofauti hiyo. Tena kiazi chenyewe hufanana na kiazi kikuu kiasi cha kumdanganya mchimbaji mwenye njaa. Aliyekila apelekwe hospitali hata kama bado anajisikia mzima, kwa kuwa dalili huweza kuchukua saa nyingi kujitokeza.

Hata hivyo, huko Tamil Nadu, India, mmea huu hulimwa kama zao. Mbegu ndizo zinazouzwa kwa viwanda vya dawa, na ili zipatikane kwa wingi wakulima huchavusha ua mojamoja kwa mkono. Porini vipepeo ni miongoni mwa wanaoifanya kazi hiyo.