Carnage chez les Puppets: kicheko juu, kilio chini

Mara ya kwanza tuliangalia ile filme, tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mara ya pili kicheko kikapungua. Kuko mambo ndani ambayo macho inapita mbio.

Kwanza tuonye wazazi: hii si ya watoto hata kidogo. Mtoto akiona vikaragosi kwenye picha, ndiyo kusema zile pupe za nguo zinazochezeshwa na mikono, atasema ni yake. Mukatae. Matusi ni mengi, na uchafu uko zaidi. Ilitoka Marekani mwaka 2018, kwa jina la The Happytime Murders. Aliyeiongoza ni Brian Henson, mtoto wa Jim Henson, yule aliyeunda Muppets. Wenye Sesame Street walikwenda mpaka tribinali sababu tangazo lake lilichezea jina lao, juji akawakatalia.

Tuko Los Angeles. Watu na vikaragosi wanaishi mji mmoja, lakini kikaragosi anahesabiwa nusu ya mtu. Phil Philips, kikaragosi, anafanya kazi ya upelelezi. Waigizaji wa mchezo mmoja wa zamani wa televizyo wanauawa mmoja mmoja, na Phil anarudishwa kufanya kazi pamoja na polisi Connie Edwards (Melissa McCarthy). Hawa wawili hawapatani tena.

Sababu gani? Hapa njo mzizi. Phil alikuwa kikaragosi wa kwanza kuwa polisi, na Connie alikuwa mwenzake. Siku moja mhalifu, kikaragosi pia, akamshika Connie mateka. Phil akapiga risasi, akakosa. Risasi ikaua kikaragosi mwingine aliyekuwa anajipitia, mbele ya binti yake mdogo. Connie akatoa ushahidi kwamba Phil alikosa makusudi, eti hawezi kuua wa kabila yake. Phil akafukuzwa. Na haikuishia kwake: sheria ikawekwa, hakuna tena kikaragosi kuwa polisi. Kosa la mmoja, mlango ukafungiwa wote. Filme inalisema hilo haraka haraka, sawa mzaha.

Siku ileile Connie alipigwa risasi, na waganga wakamtia ini la kikaragosi. Yule aliyemshitaki mwenzake anaishi kwa ini la watu wake! Tangu hapo anakula sukari, ambayo kwa vikaragosi njo dawa ya kulevya.

Tena angalieni Larry, ndugu ya Phil. Amejichubua rangi na kutengenezesha pua ili afanane na watu. Sisi tunaojua mafuta yanayouzwa sokoni kwetu, hapo tulicheka kidogo tu. Anakufa kwa kuraruliwa na mbwa, lakini kinachotoka ni pamba, si damu, basi watu wanacheka.

Anayetaka kuangalia bila kujua mwisho, aruke hapa. Mwenye kuua ni yule binti mdogo, sasa amekuwa mkubwa. Filme inamfanya shetani, inaendelea na vichekesho. Lakini miaka yote ile, nani alikwenda kwake? Walibishana juu ya mkono wa Phil. Hatukuona mtu akiuliza mtoto wa marehemu atakula nini. Kwa familia za wachimbaji swali hilo si la kueleza: baba anatoka asubuhi, jioni watu wengine njo wanapiga hodi, na maneno yao yote ni ya nani mwenye kosa.

Ilitumia dola milioni 40, haikuzirudisha. Tunaelewa: mchanganyiko wake ni mgumu kumeza.

Ila musizime mapema. Majina yanapopita mwishoni wanaonyesha namna kazi ilifanyika. Sakafu imeinuliwa, wachezeshaji wako chini yake, wamejikunja, mikono juu. Bill Barretta, mwenye mkono na sauti ya Phil, ni mmoja wao. Wengine walivaa nguo za kijani ili kompyuta iwafute. Kipande kile tulikirudisha nyuma mara tatu.