Herufi Mbili Zinazoipa Mashine Lafudhi ya Kiswahili

Msomaji wetu mmoja wa Igogo, jijini Mwanza, amsaidiaye babu yake asiyeona kufuatilia habari kwa kompyuta, ametuuliza kwa nini mashine ile ile, ikifungua tovuti moja, hutamka Kiswahili kwa ufasaha, na ikifungua nyingine iliyoandikwa Kiswahili kile kile, huyavuruga maneno hata mzee akaomba izimwe. Kosa si la mashine. Ni la aliyeuandaa ukurasa.

Programu isomayo maandishi ya skrini kwa sauti, ambayo nitaiita kisomaskrini kwa kuwa ni ala wala si mtu, haiuoni ukurasa kama tuuonavyo sisi, bali hupokea maandishi yaliyo nyuma yake. NVDA, mojawapo ya programu za aina hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, naye mwenyewe haoni, na itolewayo bila malipo, hulitafuta tamko la lugha lililo mwanzoni mwa ukurasa: ikikuta s na w huita kanuni za Kiswahili, ikikuta e na n huita za Kiingereza, wala haijali kilichoandikwa chini yake. Violezo vingi vya tovuti hutoka ng'ambo vikiwa na tamko la Kiingereza, na mwandishi wetu humimina Kiswahili chake humo bila kulibadili. Ndipo "pole" huwa "poul", "wake" huwa "weik", na "mate" huwa "meit".

Tamko likiwa sahihi, ajabu yake ni kubwa. Tahajia yetu, iliyosanifiwa kwa msingi wa Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 na kusimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki tangu 1930, huipa kila irabu kati ya tano sauti yake moja, na shadda aghalabu hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo mashine ambayo kwa Kiingereza hubeba maelfu ya maneno ya kukariri, kwa Kiswahili hujimudu kwa kanuni chache, ikatamka hata neno lililozuliwa leo asubuhi. Hata hivyo "barabara" ya kupita magari na "barabara" yenye maana ya sawasawa huandikwa namna moja ilhali shadda zake zahitilafiana, na mashine ifuatayo kanuni huzisoma zote mbili kama njia; mwandishi mwenye hisani ataandika "vyema". Wala asiiache ritifaa, hususan Usukumani kwenye majina kama Ng'wanamalundi, kwani bila alama hiyo mashine huitamka g waziwazi.

Kisha kuna vichwa vya habari. Sehemu kubwa ya Igogo imepanda mlimani, nyumba zimekaa baina ya majabali na vijia hujipinda, hata mgeni asiyepewa alama hana budi kubisha hodi nyumba kwa nyumba, ilhali aliyepewa alama, jabali hili kisha duka lile, hufika moja kwa moja. Asomaye kwa masikio huzifuata alama kama hizo: akibonyeza herufi H, NVDA humpeleka kichwa hadi kichwa, akachagua pa kusikiliza. Mwandishi aliyekoleza wino tu, asitumie mtindo wa kichwa uliomo katika programu yake, hakuweka alama yoyote, na msikilizaji atabisha hodi kila sentensi; na kiungo kiitwacho "bonyeza hapa" ni mwenyeji anayemwonyesha njia kwa kidole mtu asiyeona.

Picha ipewe maelezo, si "picha ya tatu" bali "Wavuvi wakianika dagaa ufukweni". Tangazo lililopigwa picha aghalabu ni bubu kwa kisomaskrini, basi maneno yake yachapwe upya chini yake. Kwa wenye uoni hafifu, wakiwamo ndugu zetu wengi wenye ualbino, miongozo ya kimataifa ya WCAG yataka maandishi ya kawaida yapambanuke na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na kijivu chepesi juu ya nyeupe hakifiki hapo. Wala haya si hisani tu: Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010.

Vifaa visivyo na sauti ya Kiswahili vina habari yake, ila cha babu kinayo. Msomaji wetu na amwandikie mwenye tovuti ile, amwombe abadili herufi mbili. Ni kazi ya dakika chache.