Ruzuku ya Maji na Mashamba Makubwa ya California

Ruzuku ya maji ni msaada ambao serikali humpa mkulima kwa kumtoza bei iliyo chini ya gharama halisi ya kuyahifadhi maji na kuyafikisha shambani, huku pengo linalobaki likizibwa na walipa kodi. Nchini Marekani, msaada huo una mizizi katika sheria ya umwagiliaji ya mwaka 1902, iliyokusudiwa kuwasaidia wakulima wadogo kuzistawisha nyanda kame za magharibi, na ndiyo maana kila mmiliki aliruhusiwa maji ya kutosha ekari 160 tu, na deni la ujenzi wa mabwawa na mifereji likalipwa bila riba.

Katika Bonde la Kati la California, hata hivyo, waliofaidika zaidi ni wenye maelfu ya ekari. Mwaka 1982 Bunge lilipandisha kikomo hadi ekari 960 na kuagiza kwamba ardhi inayozidi hapo ilipiwe maji kwa gharama kamili, lakini wakaguzi wa serikali walibaini mwaka 1989 kuwa baadhi ya mashamba makubwa yaligawanywa kwenye hati tu, ilhali yaliendelea kuendeshwa kama shamba moja.

Maji yanapouzwa kwa bei ya chini mno, mkulima hakosi tu sababu ya kuyabana matumizi, bali hata ardhi isiyofaa hulimwa. Upande wa magharibi wa bonde hilo, maji yaliyochujika mashambani yalibeba madini ya seleniamu hadi kwenye hifadhi ya Kesterson, ambako mwaka 1983 vifaranga wa ndege wa majini walionekana wakiwa na maumbile yenye kasoro.

Sheria ya mwaka 1992 ilitenga takriban mita za ujazo bilioni 1 kwa mwaka kwa ajili ya samaki na viumbe wengine, ikaweka pia bei ya ngazi, yaani asilimia 80 ya kwanza ya maji ya mkataba ililipiwa bei ya kawaida, na asilimia 10 ya mwisho ikalipiwa gharama kamili. Mageuzi hayo yalielekea panapostahili, lakini hayatoshi. Ukubwa wa shamba hauna budi kupimwa kwa namna linavyoendeshwa, wala si kwa majina yaliyomo katika hati, na fedha za umma zimfikie mkulima mdogo aliyekusudiwa tangu mwanzo.