Ngombe amezaa, halafu hawezi kusimama: ni kalisiamu

Jambo hili wengi wenu mmekwisha kuliona. Ngombe mzuri wa maziwa anazaa salama jioni. Kesho yake anatetemeka, anayumba, masikio yake ni baridi. Kiisha analala chini, anageuza shingo na kuweka kichwa ubavuni. Wengine wanasema amelogwa, wengine wanasema amekula majani ya sumu. Mara nyingi si hivyo: kalisiamu imepunguka katika damu yake. Ugonjwa huu unaitwa homa ya maziwa, lakini si homa. Mwili unakuwa baridi, na bila matunzo ngombe anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Kalisiamu iko wapi?

Karibu yote, 99 kwa 100, iko ndani ya mifupa na meno. Ile kidogo inayobaki ndiyo inasaidia misuli kufanya kazi, tumbo kusukuma chakula na moyo kupiga. Katika damu yote ya ngombe mkubwa muko grama 3 tu hivi. Sasa, litre moja ya maziwa ya kwanza, yale manene ya njano, inabeba karibu grama 2. Ukikamua litre 5, umetoa grama 10. Hizo grama zinatoka wapi?

Mwili unafanya namna gani?

Ni sawa na koperative yetu: damu ni sanduku la mwekahazina, mifupa ni depo. Shingoni kuko tezi ndogo ambazo zinapima kalisiamu ya damu kila wakati. Ikipunguka, zinatuma homoni yenye kazi tatu:

1. Inaambia mifupa itoe kalisiamu.
2. Inaambia figo zisiipoteze katika mkojo.
3. Inafanya figo zitayarishe vitamini D, ambayo inasaidia matumbo kuvuta kalisiamu zaidi katika chakula.

Ikizidi katika damu, hizo tezi zinanyamaza.

Shida ni hii: kazi hiyo inahitaji siku mbili tatu ili iwe na nguvu, lakini maziwa hayangoje. Kama mbele ya kuzaa ngombe alikuwa anakula kalisiamu nyingi, tezi zake zilikuwa zimelala na depo ilikuwa imefungwa. Basi kumpa kalisiamu nyingi mbele ya kuzaa ndiko kunamuangusha kiisha kuzaa! Ngombe wazee, kuanzia uzazi wa tatu, wako katika hatari zaidi juu mifupa yao inatoa polepole. Tena ngombe wa maziwa mengi, kama Frisonne na Jersey, wanapatwa kuliko ngombe wa kienyeji.

Tufanye nini?

- Andika tarehe ya kupandisha katika kaye. Ngombe anazaa karibu siku 280 nyuma yake.
- Juma tatu za mwisho, punguza leucaena, calliandra na majani mengine ya jamii ya maharage. Acha chokaa na unga wa mifupa. Mpe nyasi na maji safi.
- Akizaa tu, mrudishie hivyo vyote.
- Kama aliwahi kuanguka, julisha veterineri mapema. Siku ya kwanza ndama anyonye vizuri, lakini usikamue mpaka kiwele kikauke.

Akianguka:

- Ita veterineri mara moja, hata usiku.
- Asilale ubavu. Mkalishe juu ya kifua na umuegemeze kwa mifuko ya majani, kusudi tumbo lisijae hewa.
- Usimnyweshe kitu kwa nguvu. Koo limelegea, kinaweza kuingia katika mapafu.
- Usijaribu mwenyewe sindano ya mshipa. Kalisiamu inaingizwa polepole sana huku moyo unasikilizwa. Ikienda mbio, moyo unasimama.

Akitunzwa mapema, ngombe wengi wanasimama tena mbele ya siku kuisha. Na kumbukeni, katika koperative nyingi mtamba wa kwanza ni wa jirani anayengoja zamu yake. Ngombe mmoja akikufa, nyumba mbili zinakosa maziwa. Kwa hiyo, yule anayekaribia kuzaa, mhesabie siku zake tangu leo.