Vioo vya oda kando ya ziwa: Kosa la sentimita moja hula mtaji

MWANZA – Katika biashara ya vifaa vya ujenzi kando ya Ziwa Victoria, ipo bidhaa moja ambayo haina soko la pili. Saruji iliyobaki huuzwa kwa jirani na bati lililozidi huweza kurudi dukani. Lakini kioo kilichokatwa kwa kipimo cha dirisha moja kina mnunuzi mmoja tu, na kikizidi sentimita moja hakina mnunuzi kabisa.

Hapo ndipo faida na hasara ya biashara hii inapoamuliwa. Mwenye nyumba ya zamani Capri Point, Bwiru au Luchelele anayetoa madirisha ya luva ili sebule itazame maji anahitaji vioo vipana. Fundi anayepokea kazi hiyo anaona fedha nzuri. Wote wawili wanapaswa kujua kwanza wananunua nini, na mzigo ukiharibika nani atalipa.

Ugavi

Kwa miaka mingi kioo bapa cha madirisha kiliingia nchini kutoka ng’ambo. Hali hiyo ilianza kubadilika mwaka 2023, kilipozinduliwa kiwanda cha vioo bapa Mkuranga, mkoani Pwani. Kwa mfanyabiashara wa Kanda ya Ziwa, hata hivyo, umbali haujapungua. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa barabara ni zaidi ya kilometa 1,100, na kioo ni mzigo mzito usiosamehe matuta.

Hesabu ya uzito ni rahisi. Kila mita ya mraba ya kioo chenye unene wa milimeta 1 ina kilo 2.5. Kioo cha milimeta 10 chenye upana wa mita 2.4 na urefu wa mita 2.1 kina kilo 126. Nyumba ikiwa juu ya mawe ambako gari halifiki, gharama ya wabebaji iingizwe kwenye bei kabla ya kukubaliana, si siku ya kushusha.

Aina tatu, matumizi matatu

Kioo cha kawaida ni cha bei nafuu na hukatwa popote. Kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha kali. Kinafaa madirisha madogo yaliyo juu, mbali na watoto.

Kioo cha tempadi hupashwa moto kwenye tanuri hadi zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupozwa ghafla kwa hewa. Nguvu yake hufikia mara nne au zaidi ya kioo cha kawaida, na kikipasuka hugeuka chenga ndogo, kama kioo cha mlango wa gari. Ndicho kinachofaa milango, bafu na madirisha yanayofika sakafuni. Lakini kikishatoka tanurini hakikatwi wala hakitobolewi tena. Matundu ya bawaba na komeo lazima yachorwe kwenye oda.

Kioo cha laminati ni tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando katikati, kama kioo cha mbele cha gari. Kikivunjika vipande hubaki vimeshikana. Kwa ukingo wa roshani hiki ndicho salama zaidi, kwa kuwa tempadi pekee ikipasuka huanguka yote na kuacha nafasi wazi. Mwizi pia hupata taabu kukipenya.

Anayeuza kioo cha kawaida kwa jina la tempadi anahatarisha maisha ya watu. Mnunuzi atafute alama ya kiwanda kwenye kona ya kioo kabla ya kulipa salio.

Ziwa si bahari

Wapo wanaonakili michoro ya nyumba za Dar es Salaam au Tanga. Huko adui mkubwa ni chumvi inayokula vyuma. Maji ya Ziwa Victoria ni baridi, hayana tatizo hilo. Adui wa hapa ni jua la alasiri, mvua ya upepo na vijidudu.

Dirisha linalotazama ziwa upande wa magharibi hupigwa na jua lililoshuka, ambalo kibaraza hakilizuii. Kioo cheupe cha milimeta 6 hupitisha zaidi ya robo tatu ya joto la jua. Kioo cha rangi hupunguza joto hilo, ila chenyewe hupata moto. Sehemu moja ikiwa juani na nyingine kivulini, kioo cha rangi ambacho hakikupita tanurini huweza kupasuka bila kuguswa.

Mvua ikipigwa na upepo hujaza maji kwenye reli ya chini ya fremu. Reli isiyo na matundu ya kutolea maji huloweka kingo za laminati hadi tabaka zianze kuachana. Silikoni yenye harufu ya siki nayo huweza kudhuru utando huo. Fundi achague isiyo na asidi.

Vijidudu vya ziwa vinavyopaa kama moshi hufuata taa usiku. Ukuta mzima wa kioo usiofunguka utakuwa wa kusafishwa daima na chumba hakitapata hewa. Mpangilio wenye manufaa ni kioo kipana kisichofunguka katikati, na madirisha ya kusukuma yenye wavu pembeni.

Kabla ya yote, mwenye nyumba apime umbali kutoka ukingo wa maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60. Kupanda kwa maji ya ziwa mwaka 2020 kuliwakumbusha wengi kwamba ukingo huo huhama. Kuweka kioo cha thamani kwenye nyumba yenye mgogoro wa mpaka ni kutupa fedha.

Kipimo na mkataba

Kipimo huchukuliwa baada ya lipu kukauka na fremu kufungwa, kamwe si kwenye mchoro. Upana upimwe mahali patatu na urefu mahali patatu, uchukuliwe ulio mdogo, kisha iachwe nafasi ya milimeta 3 hadi 5 kila upande. Pembe hadi pembe zipimwe pia. Nyumba za zamani mara nyingi zimepinda.

Chukua mfano wa kazi ya Sh. 3,000,000 ambayo kioo chenyewe ni Sh. 1,800,000 na faida ya fundi ni Sh. 450,000. Kioo kikikosewa na kuagizwa upya, fundi amepoteza faida ya kazi nne.

Kwa hiyo malipo ya awali yasipungue bei ya kioo. Mchoro wenye vipimo utiwe saini na pande zote mbili. Iandikwe nani anabeba hasara njiani, nani wakati wa kushusha, na nani baada ya kufungwa. Aliyepima ndiye ajibu kosa la kipimo. Mwenye nyumba akileta vipimo vyake mwenyewe, hasara ni yake.

Anayeweka akiba ya vioo dukani avisimamishe wima, mahali pakavu, na karatasi katikati. Vioo vilivyolala na unyevu katikati yake hupata ukungu mweupe usiotoka hata kwa sabuni, na bei yake huanguka.

Kwa mwenye mtaji mdogo, njia yenye usalama ni kuweka dukani kioo cha kawaida kinachokatika, na kuagiza tempadi na laminati baada tu ya fedha kupokelewa na mchoro kusainiwa. Tepu ya kupimia ndiyo kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi hii, na ndiyo inayolinda mtaji kuliko vyote.