Kijana Amepata Leseni: Bima Gani Imfae?

Huenda nyumbani kwako yuko kijana wa miaka kumi na minane au ishirini ambaye juzi tu amepata leseni ya kuendesha gari. Amejifunza Mbeya mjini, amefaulu mbele ya askari wa usalama barabarani, na sasa anakutazama kwa macho ya mtu anayeomba ufunguo. Labda mwaka huu tumbaku ya Lupa imekulipa. Labda duara la Matundasi au Itumbi limetoa kidogo, ukanunua Probox au Noah iliyokwisha tumika. Gari lipo, leseni ipo. Limebaki shauri la bima, nalo wengi hulimaliza kwa dakika tano mbele ya wakala: "Nipe bima ndogo, nisisumbuliwe na trafiki."

Shauri hili halistahili dakika tano. Hebu tuanze na barabara yetu wenyewe.

Kutoka Mbeya mjini mpaka Chunya ni kilometa kama 72. Siku hizi ni lami tupu, na wazee wanaokumbuka vumbi na matope ya zamani hushukuru kwa hilo. Lakini lami haikuufuta mlima. Barabara hupanda Kawetire mpaka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, penye baridi na ukungu, kisha huteremka kwa kona baada ya kona kupita Lwanjilo, mpaka kwenye joto letu la huku chini. Dereva mkongwe hushuka kwa gia. Kijana mgeni hukanyaga breki kutoka juu mpaka chini, wala hajui kwamba breki ikipata moto mno hufika mahali haishiki tena. Mwezi wa Septemba 2024 basi lililotoka Mbeya kwenda Tabora lilipata ajali hapo Lwanjilo, watu zaidi ya kumi wakafa. Tarehe 7 Juni 2025, kwenye mteremko wa Iwambi upande wa Mbalizi, ajali ya lori na magari mengine ilichukua watu 28. Hao walioshika usukani walikuwa madereva wa kazi. Je, mtoto wa miezi miwili ya leseni?

Tusidhani ni balaa ya Mbeya peke yake. Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mwaka 2021 watu kama milioni 1.19 walikufa barabarani ulimwenguni kote, na kwamba kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 hakuna kinachoua zaidi ya ajali hizo. Malaria tunaiogopa, na tunafanya vema. Ufunguo wa gari au wa pikipiki twautoa huku tunacheka.

Sasa natamani ujue wenzetu Waingereza wanavyofanya, kwa maana wao wamelishughulikia jambo hili kwa njia ya ajabu kidogo.

Kwao kijana aweza kuendesha gari akiwa na miaka 17. Bima, kama ujuavyo, ni mchango: wengi wanatoa kidogo kidogo, na apatwaye na ajali analipiwa kutoka kwenye mfuko huo. Mwenye kampuni hupiga hesabu kuona ni nani wanaoutoboa mfuko, na hesabu zote zaonyesha kwamba vijana wapya hugonga kuliko watu wazima. Kwa hiyo huwatoza fedha nyingi, pengine kuliko bei ya gari lenyewe. Hapo yupo kijana mpole aendaye polepole, na yupo mwingine ashindanaye na upepo, nao hulipa sawa. Zamani wasichana walipunguziwa, kwa sababu ajali zao ni chache. Lakini tarehe 1 Machi 2011 Mahakama ya Umoja wa Ulaya, ambao Uingereza ilikuwa bado ndani yake, iliamua kwamba si haki kupanga bei kwa kumtazama mtu ni mume au mke, na amri hiyo ikaanza kufuatwa tarehe 21 Desemba 2012. Kampuni zikawa zimepoteza kipimo kimoja. Zikageukia kingine ambacho, kwa maoni yangu, ni cha haki zaidi: kumtazama huyu kijana mwenyewe anaendeshaje.

Wanamtazamaje, nao wako ofisini Londoni? Ndani ya gari hufungwa kisanduku kidogo cha kutosha kiganjani. Kina chombo kinachopokea ishara za satelaiti, nazo humwambia gari liko wapi na laenda mbio kiasi gani. Kina kipimo kinachohisi gari linaposukumwa mbele ghafula, linapofungwa breki kwa nguvu, au linapoikata kona kwa fujo. Tena kina laini ya simu kama hii ya mfukoni mwako, ambayo hupeleka habari zote hizo kwa kampuni. Wengine siku hizi hawafungi kisanduku, hutumia programu iliyo ndani ya simu ya kijana. Hesabu hufanywa, kijana hupewa alama kama mwanafunzi wa shule, na alama zake humshushia bei au kumpandishia. Akizidisha mno mwendo huonywa, na asiyesikia huweza kufutiwa bima kabisa. Usiku wa manane nao huhesabiwa, maana ajali mbaya za vijana hutokea saa zile, gari limejaa rafiki na muziki.

Wala si jambo la jana. Marekani kampuni ya Progressive ililijaribu tangu miaka ya 1990. Uingereza kampuni ya Norwich Union iliiuza bima ya namna hiyo mwaka 2006, ikaiacha mwaka 2008, na wengine wakaiokota baadaye na kuiendeleza. Kwa Afrika, Discovery Insure ya Afrika ya Kusini ilianza mwaka 2011 kuwapa thawabu madereva wenye alama nzuri.

Kisanduku hicho, hata hivyo, si malaika. Kinajua kwamba umefunga breki ghafula, lakini hakijui kwamba ng'ombe wa jirani yako Msukuma walikatiza njia. Hakijui kama dereva amekunywa. Wala hakijui ni nani hasa aliyeshika usukani, baba au mwana, isipokuwa kuwe na namna ya kumtambulisha. Ni shahidi wa mwendo tu.

Turudi kwetu. Sheria ya Tanzania, yaani Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, yamlazimu kila mwenye gari kuwa na bima ya kumlipa mtu wa nje atakayeumizwa au kufa. Hiyo ndiyo watu waiitayo bima ndogo. Kwa gari dogo la binafsi imekuwa ikilipiwa shilingi 100,000 kwa mwaka, na kodi juu yake. Angalia sasa: bei hiyo haiulizi umri. Mzee wa miaka sitini ambaye hajawahi kugusa hata kuku barabarani, na kijana aliyepata leseni Jumanne, wanalipa mamoja. Kwa mfuko wetu ni heri, maana vijana wetu hawafukuzwi barabarani na bei. Lakini pia maana yake ni kwamba bima haimwambii kijana neno lolote. Yule wa Uingereza akikimbiza gari Jumamosi, Jumatatu anaona alama zimeshuka. Wa kwetu akikimbiza gari kutoka Makongolosi mpaka Chunya, nani atamwambia? Hapana, ila wewe unayempa ufunguo.

Labda utasema, mambo ya satelaiti ni ya Wazungu. Sivyo. Mara ya mwisho ulipopanda basi la mbali kupitia Mlima Kitonga, ulikuwa umekaa ndani ya gari lenye chombo cha jamii hiyo hiyo. Ndio ule mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi, ulioanzishwa wakati wa SUMATRA na kuendelezwa na LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Basi likizidi kilometa 80 kwa saa, kiasi kilichowekwa na sheria, habari zafika ofisini. Tena madereva wamepewa kitufe cha kuwatambulisha kabla ya safari, ili ijulikane ni nani aliyekuwa akiendesha. Na binadamu ni binadamu: wako waliokichezea chombo au kukizima, na LATRA imewaadhibu wenye mabasi kwa ajili hiyo. Hata hivyo mwendo wa basi sasa una mtu wa kuusoma, na Probox yako haina.

Nayo yaweza kuwa naye. Mafundi wa Mbeya mjini hufunga vifaa vya kufuatilia gari, na wenye magari wengi huvifunga kwa kuogopa wezi. Kifaa hicho huonyesha kwenye simu gari liko wapi, limesimama au laenda, na kwa mwendo gani. Hakikushushii bei ya bima ndogo hata senti moja. Lakini kinaweza kukufanyia kazi ile ifanywayo na kisanduku cha Mwingereza, ukiwa tayari kukitazama. Ukienda kwa fundi, mwulize kama kifaa hutunza habari mahali pasipo na mtandao na kuzituma baadaye. Ukivuka Makongolosi kuelekea Kambikatoto simu hukatika-katika, na kifaa kisichotunza habari kitakuachia matundu kwenye hesabu.

Hapa ndipo nyumba nyingi zitagombana. Kijana atauliza: "Baba, huniamini?" Ni swali la haki, lisijibiwe kwa ukali. Binafsi sipendi baba afunge kifaa kwa siri, kisha amvizie mwanawe kama mwizi. Mtu mzima wa miaka kumi na minane ana siri zake, na hata nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kazi mwaka 2023, yenye kutambua kwamba habari za mtu si za kuchezewa. Kaeni mezani, mama naye awepo. Mwambie wazi: kifaa kipo, twatazama mwendo na saa, hatutazami umekwenda kwa nani. Kwa miezi sita ya kwanza hakuna kushuka Lwanjilo usiku wala kwenye ukungu bila mtu mzima kando yako. Penye nyumba ni kilometa 50 kwa saa, kama sheria isemavyo. Ukifanya vema, kila mwezi tutalegeza kidogo. Sharti hili la mwisho wazazi hulisahau, kumbe ndilo linalokifanya kisanduku cha Uingereza kivumilike: kijana huona faida ya kutulia kwake.

Kuhusu bima yenyewe, nina maneno machache ya kukuepusha na kilio. Bima ndogo hailipi gari lako. Likipinduka kwa kosa la mwanao, hasara ni yako. Bima kubwa hulilipa, lakini soma mkataba wote, hasa yale maandishi madogo. Mikataba mingine humtaka mwenye gari achangie fedha zaidi ajali ikifanywa na dereva mchanga. Mwambie wakala kwa kinywa chako, na aandike, kwamba mwendeshaji ni kijana mwenye leseni mpya.

Tena liko jambo la abiria. Gari limekatiwa bima ya binafsi, kijana anaona watu wamesimama kituoni Matundasi, anapakia wanne kwa nauli. Siku hiyo gari limefanya kazi ambayo bima yake haikuiandikiwa, na kampuni ina sababu ya kukataa. Elfu chache za nauli zaweza kuuza shamba la ukoo.

Na ikiwa ni wewe au mtoto wako mliogongwa? Wengi hupatana kando ya njia kwa gharama za hospitali, wakaishia hapo. Usifanye hivyo kabla ya kujua haki yako. Andika namba ya gari. Stika za bima sasa ni za kielektroniki, na kwa namba hiyo mtu mwenye simu ya intaneti aweza kuhakiki katika mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kama gari lina bima na ni ya kampuni gani. Chukua fomu PF3 polisi, tunza karatasi za daktari na taarifa ya ajali. Akiwa amekufa mtu, pata cheti cha kifo na karatasi za msimamizi wa mirathi. Hata ofisini kwetu parokiani hufika watu kuandikiwa barua za madai miaka imepita na karatasi moja hawana, na hapo kalamu haisaidii sana. Kampuni ikizungusha, TIRA ina ofisi ya kanda Mbeya mjini, na iko pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyowekwa kwa ajili ya wananchi kama sisi. Nenda na nakala, zile karatasi zenyewe zibaki nyumbani.